Siku Niliyofunga Bwawa kwa Tonge la Ulezi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Neno hilo ni la Mzee Kletus, mwenye nyumba ya wageni, aliyelitumia kwenye hotuba ya kuniaga, na ukumbi mzima ukacheka. Mama yangu hakucheka. Alisema watu hustaafu wakiwa na wajukuu, na mimi sijamletea hata mkwe. Lakini daktari amekisikiliza kifua changu zaidi ya mara moja na kila mara ameniambia jambo lile lile: mimi na klorini tuachane. Kwa hiyo naondoka, nakwenda Kasesya, mpakani, kumsaidia dada yangu kwenye duka la vitenge. Kasesya hakuna bwawa la kuogelea, kuna malori tu.

Deodata, anayeshika filimbi ya bwawa baada yangu, aliniomba nimwandikie ninayoyajua. Nilianza na kanuni. Baada ya kurasa chache nikagundua kwamba kanuni zote zimebandikwa ukutani tayari kwa mwandiko wangu, na baadhi nimezibandika mara mbili. Ambacho hakijaandikwa popote ni habari zenyewe, zile zilizozaa kanuni. Basi nitaziandika kwa mpangilio zilivyonijia, kwa ajili yake na kwa yeyote atakayekaa kando ya maji yale baada yake.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikipima maji napima tena, kisha nasuuza kichupa na kupima upya, kwa kuwa huenda mara ya kwanza kilibaki na tone la jana. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwenye simu, kwenye maandishi ya ubavuni mwa pipa la klorini, na kwenye kamusi niliyoinunua ili niyaelewe hayo maandishi. Mtu aliyejifunza mwenyewe hana cheti cha kumtuliza. Kila siku anahisi mtihani wake bado unasahihishwa.

Nilipoanza, bwawa lilikuwa jipya na watu wa mtaa wetu wa Izia walikuwa wakilipitia nje kama wanaopita msiba wa mtu wasiyemjua. Mzee Kletus alikuwa amenunua mahindi maisha yake yote, akajenga nyumba ya wageni pale yanapoanzia mashamba, na mbele yake akachimba bwawa. Kila mtu alimwambia kwamba Sumbawanga si mahali pa kuogelea. Hapa asubuhi ya mwezi wa saba mtu ananawa uso kwa kujadiliana na nafsi yake. Nani atavua sweta kwa hiari aingie kwenye maji ya kisima?

"Watu hawataki maji," Mzee alijibu. "Wanataka picha."

Na alikuwa sahihi. Walianza kuja maharusi, wakapiga picha kando ya maji ya buluu. Zikafuata familia za komunyo ya kwanza. Kisha watoto wa komunyo wakagundua kwamba mchana, jua likiwa kali, maji ya upande wa kina kifupi yanapata uvuguvugu. Wakaingia. Walitoka na midomo ya zambarau, wakiomba kurudi. Tangu siku hiyo sisi tukawa na kazi.

Mimi niliajiriwa kufagia. Baba yangu alikuwa bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa sina mpango wowote. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Damiani, fundi wa pampu, amechutama mbele ya chujio la mchanga akilisikiliza kama mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamsifia kwamba maji ni masafi sana. Akaniambia jambo ambalo nililidharau kwa muda mrefu kisha nikaja kulirudia kwa kila mfanyakazi mpya: maji safi kwa macho hayajakuambia kitu, na yakianza kukuambia, wewe umeshachelewa. Yeye ndiye aliyenionyesha matone ya kupimia, rangi gani ni nzuri na rangi gani ni ya kutoa watoto majini. Ndiye aliyenikanya kwamba klorini humiminwa kwenye maji, wala si maji kwenye klorini, na kwamba haikutani na dawa nyingine yoyote kwenye ndoo moja. Nyusi zake za upande wa kushoto hazikuwahi kuota vizuri. Sikuuliza kwa nini.

Mlangoni alikaa Bibi Oresta. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, lakini alikuwa amejiongezea nyingine. Mtoto mdogo yeyote aliyefika, Bibi alimtwaa kwa mama yake, akamvua, akamshika mapaja akiwa amemwelekeza kwenye majani, akampigia mluzi mwembamba wa kuita mkojo. Wanawake wa Ufipa walimkabidhi watoto bila neno, maana ndivyo walivyokojozwa wao. Wake za watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine walishtuka mwanzoni. Mmoja aliniambia kwamba mwanawe amevaa pampasi na hahitaji mambo ya kijijini. Bibi Oresta alimsikiliza mpaka mwisho, akampokea mtoto, akapiga mluzi, na mtoto akakojoa kama bomba. Kuanzia hapo hakuna aliyebishana. Jumamosi yenye jua foleni ya mluzi ilifika mpaka barabarani, na nakumbuka mwendesha bodaboda mmoja aliyesimama kushangaa, kisha naye akaenda kutafuta kichaka.

Lakini mluzi hauiti kitu kingine zaidi ya mkojo. Hili ndilo somo langu la pili. Na pampasi ndani ya maji haizuii, inachelewesha tu. Inavimba, inalegea miguuni, kisha inatoa kila ilichokuwa nacho kidogo kidogo.

Ajali ya kwanza niliyoishughulikia ilikuwa ya mtoto wa mhasibu mmoja, na ilikuwa ajali nzuri. Naiita nzuri kwa sababu kinyesi kilikuwa kigumu. Deodata, tofauti hii usiisahau hata ukiamshwa usingizini. Kigumu kinakaa pamoja na vijidudu vyake. Unatoa watu wote, unakichota kwa wavu wa mpini mrefu bila kukivuruga, unakitupa chooni, unaosha wavu kwa dawa, unaongeza klorini na kuacha pampu izunguke kama nusu saa. Unapima. Rangi ikikubali, watu wanarudi. Cha maji ni habari nyingine. Hicho hakichotwi, kimeshasambaa, na kina vijidudu ambavyo klorini ya kawaida inavipapasa tu. Hapo unafunga mpaka kesho au zaidi, unatia dawa kali, unazungusha usiku kucha, unasafisha chujio kwa kuyapitisha maji kinyume, na hupokei ushauri wa mtu yeyote mwenye kaptura ya kuogelea.

Siku ile ya mtoto wa mhasibu nilifanya yote vizuri, kisha nikaenda nyuma ya chumba cha pampu nikapima tena. Mzee Damiani akaniletea chai. Akasema nimefaulu. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema kwamba wali wa mtu mwenye wasiwasi hauungui, lakini anaula ukiwa umepoa.

Tatizo letu kubwa halikuwa watoto. Alikuwa Fredi, mshereheshaji wa sherehe zetu karibu zote. Fredi ni mtu mzuri na mchekeshaji wa kweli, na sasa ni rafiki yangu, kwa hiyo atanisamehe. Wakati ule, kila filimbi ya ajali ilipolia, alinyakua kipaza sauti. "Jamani, mzigo umepatikana," alikuwa akisema, "mwenye mzigo apite mbele tumtambue." Watu walivunjika mbavu. Mama wa mtoto alipita kati ya meza akiwa ameinamisha kichwa, amembeba mwanawe kama mwizi aliyebebeshwa kuku aliyemwiba. Mimi niliona vibaya, lakini nilijiambia maiki si idara yangu. Idara yangu ilikuwa maji.

Kisha nikaona jambo. Ajali zilipungua. Watoto walikuwa wengi kuliko zamani, chakula kilikuwa kingi kuliko zamani, na filimbi yangu ilikuwa haina kazi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kukosa usingizi. Siku moja nikamwona mwanamke akitoka kwenye maji haraka, kitambaa kimekunjwa mkononi, anatazama pembeni, na nikaelewa. Ajali hazikuwa zimepungua. Watu walikuwa wamejifunza kuzificha.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa siku ya komunyo ya mjukuu wa Mzee Kletus mwenyewe. Ninayoyaeleza hapa nimeyaombea ruhusa kwa simu kwa mama mmoja ambaye sasa anaishi mbali. Alisema niandike, ila nisitaje nguo aliyovaa, maana ilikuwa ya pekee mjini. Sitaitaja.

Mzee alikuwa amealika kila mtu. Padri alikuwepo, wafanyabiashara wenzake walikuwepo, na kutoka kijiji cha Kaoze alikuja shemeji yake, Babu Anzelmo, na debe la unga wa ulezi. Jikoni waliwapikia wali wageni na wakasonga ugali wa ulezi kwa ajili ya wazee, ambao wali wanauhesabu kama vitafunwa. Watu wakala, kisha watoto wakaingia majini. Zingatia mpangilio huo, Deodata. Tumbo la mtoto huamka likishashiba.

Nilikuwa nimesimama upande wa kina kifupi nilipoliona. Kwenye ngazi ya chini, mahali wanapokaa wadogo kabisa, kulikuwa na bonge la rangi ya kahawia iliyoiva, limeanza kulegea pembeni. Nikapuliza filimbi. Watoto wote wakatoka. Fredi akashika maiki na kuanza: "Jamani, mzigo..."

Sijui nini kiliniingia. Mimi ni mtu anayeomba radhi hata kwa kiti nikikigonga. Lakini nilikwenda hadi ukutani nikachomoa waya. Fredi akabaki anafungua na kufumba mdomo bila sauti. Nikarudi kwenye bwawa, nikachota lile bonge kwa wavu, na nilipoinuka nikamkuta Babu Anzelmo mbele yangu, suruali ameikunja magotini.

"Shikamoo babu. Tafadhali, usikaribie."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ni chakula."

Nilimwambia kwa adabu kwamba ndivyo kilivyoanza. Akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba kitoto kimoja kilikuwa kinalia, naye akakipa tonge la ulezi mkononi, kama inavyofanywa kwa kila mtoto wa Ufipa anayetakiwa kunyamaza, na kitoto kikaenda nalo majini. "Lete nionje," akasema, akanyoosha mkono.

Niliinua wavu juu asiufikie. Yeye akaruka kidogo. Mpini ni mrefu, na kwa muda tulikuwa kama watu wanaogombea embe. Mwishowe nilinusa mwenyewe. Ulikuwa ulezi. Padri naye akasogea, akanusa, akathibitisha. Nilisikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena pale, na hata mimi nilicheka, kwa sababu nafuu nayo huchekesha.

Nikasema tusubiri kidogo nipime, maana nisingekuwa mimi bila kupima. Nikaenda kuchutama kwenye chumba cha pampu na kichupa changu. Hapo ndipo yule mama niliyemwomba ruhusa alipokuja, mtoto amelala begani, nywele zimelowa. Aliniuliza kama maji yako salama. Kisha akauliza, "Ule waya umeuchomoa wewe mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Atauchomeka tena?"

"Akiuchomeka, si kwa ajili ya mambo ya bwawa."

Akamhamishia mtoto bega la pili. "Huyu anaharisha tangu juzi," akasema. "Pampasi yake nimeivua sasa hivi ikiwa tupu. Wakati anaingia majini nilijua imejaa, dada. Vyote vimebaki humo ndani."

Nilimwelekeza zahanati, nikamwambia ampe maji ya kunywa mara kwa mara, na nikamshukuru. Alinitazama kama mtu aliyetegemea kofi akapewa kiti. Kisha akaniomba nisimtaje. Nikamwahidi.

Nilirudi nje nikatangaza kwamba bwawa limefungwa, na kila mtoto aliyeingia majini akaogeshwe kwa sabuni sasa hivi. Ilichukua muda watu kuamini kwamba nilikuwa sifanyi mzaha. Fredi, ambaye sasa alikuwa na sauti yake ya kuzaliwa tu, aliuliza, "Kwa ugali?" Na swali hilo likapita meza hadi meza.

Mzee Kletus alinivuta pembeni akiwa na suti yake ya kijivu. "Atu, watu wameuona ugali. Wewe mwenyewe umeunusa. Padri kaunusa."

"Ni kweli, mzee."

"Basi fungua."

"Siwezi."

"Sababu?"

Nyuma ya bega lake nilimwona yule mama ameketi mezani na mwanawe, hali chakula chake, anatutazama. Kwa mtu kama mimi, kuonekana mjinga ni kifo kidogo. Miaka yote nilikuwa napima mara tatu ili mtu asije akasema sijui kazi yangu. Na sasa sababu nilikuwa nayo mkononi, safi kabisa, na ilikuwa haisemeki, maana ningeisema wangeanza kumtafuta mwenyewe.

"Siwezi kusema," nikamwambia.

Akaniambia kesho asubuhi nije na sababu, na kama sina, nisije.

Sikulala, ingawa hilo si habari. Silali vizuri hata bwawa likiwa wazi. Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni, anatazama maji. Yalikuwa yanang'aa. Pampu ilikuwa imeunguruma usiku kucha, na Mzee Damiani alikuwa amelisafisha chujio bila kuniuliza lolote.

"Umekuja nayo?" akauliza Mzee.

"Ninayo, mzee. Lakini si yangu."

Akajisogeza nikae. Kisha akanisimulia habari za magunia. Zamani, akinunua mahindi vijijini, gunia lilikuwa halimwambii kitu kwa nje. Wapo wakulima waliokuja wenyewe wakamnong'oneza kwamba moja kati ya haya limeingiwa na mdudu dumuzi. Kwa watu hao alinunua yote yaliyobaki, na mwaka uliofuata alianzia kwao. "Aliyeniambia ukweli sikumtaja sokoni," akasema. "Ningemtaja, mwaka wa pili wote wangenyamaza."

Akasimama, akajikung'uta suruali. "Basi kwa watu, itabaki kuwa ni ugali. Watakucheka wewe."

"Wacha wacheke."

"Na mimi nitacheka," akasema. "Nisipocheka watajua."

Akatimiza. Kwa miaka yote iliyofuata hakuna mgeni aliyefika asihadithiwe habari za binti aliyefunga bwawa kwa tonge la ulezi, na hakuna aliyeihadithia kwa ufundi kama Mzee Kletus. Sokoni wauzaji wa unga wa ulezi waliniita wakiniambia huu wa leo haufungi bwawa. Wiki ile niliwaulizia watoto wote waliokuwa majini, nyumba kwa nyumba, mpaka ikasemekana natafuta mchumba. Sikusikia aliyeumwa. Mtoto wa yule mama alipona, na sasa ana meno yote na kiburi.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo. Watoto huogelea kwanza, kisha ndipo chakula. Kipaza sauti hakivuki mstari mwekundu tuliouchora kuzunguka bwawa, na Fredi aliuchora yeye mwenyewe. Mara kwa mara filimbi inalia, wadogo wote wanatolewa, na mluzi wa Bibi Oresta unarudiwa. Na kando ya chumba cha pampu niliweka kigoda, kimegeuzwa kutazama mashamba ya mahindi, ili anayekuja kunong'ona asionekane uso na walio bwawani. Nilikaa pale. Watu walikuja. Filimbi yangu ikapata kazi tena, na nikaanza kulala angalau usiku wa Jumatatu.

Kilichonitia wasiwasi wakati wa kuondoka hakikuwa klorini wala pampu. Deodata anapima vizuri kuliko mimi, kwa sababu anapima mara moja na kuamini. Wasiwasi wangu ulikuwa kigoda. Kupima kunafundishika, lakini sikujua unamfundishaje mtu kukubali kuchekwa.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa Jumamosi, na watoto walikuwa majini. Mzee Kletus alifika kwenye hadithi ya ulezi, akaonyesha jinsi Babu Anzelmo alivyoruka, akanitupia jicho, na ukumbi ukalipuka. Ndani ya kicheko hicho nikasikia filimbi. Nilitoka mbio na sahani yangu mkononi. Watoto walikuwa wakipanda ngazi, maji yakiwachuruzika, na Deodata alikuwa amesimama mbele ya kigoda. Maji yalikuwa safi. Hakukuwa na kitu cha kuonekana popote.

Nilipofika kwenye mstari mwekundu alininyooshea kiganja kunizuia.

"Cha maji?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Cha maji. Mpaka kesho jioni."

"Ni nani?"

"Dada Atu," akasema, "wewe umestaafu."

Wageni walikuwa wametufuata nje. Fredi alitazama maji, akamtazama yeye, akauliza kama ni ugali tena. Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Deodata hakupepesa jicho.

"Ugali tena," akasema. "Kila mtoto akaoge kwa sabuni."

Niliwatazama kina mama na kina baba waliokuwa wakifuta watoto, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta uso ulioinama. Sikuuona. Nikaweka sahani chini, nikachukua taulo la karibu, nikaanza kumfuta mtoto aliyekuwa mbele yangu.